Bujora: Nyumba za Wazee Wetu Zingali Wazi

Ndugu msomaji, ikiwa unaishi Mwanza na watoto wako wamezaliwa mjini, hebu waulize leo swali moja: bibi yao alizaliwa katika nyumba ya namna gani? Usishangae wakikujibu kwamba ilikuwa nyumba ya bati na saruji kama yenu. Hawana kosa. Hawajaonyeshwa nyingine.

Kwa ajili hiyo nakushauri utenge siku moja ya mapumziko, uwapeleke Bujora. Safari yenyewe haihitaji fedha nyingi. Utapanda daladala ya barabara ya Musoma, utapita Nyakato na Igoma, na baada ya kilometa zipatazo ishirini utateremka Kisesa. Kutoka hapo mtapanda kilima taratibu, katikati ya yale mawe makubwa ambayo ndiyo sura ya nchi yote hii ya kando ya ziwa. Huko juu ndiko yaliko Makumbusho ya Wasukuma.

Makumbusho haya yalianza kukusanywa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, ambaye wenyeji walimpa jina la Fumbuka. Yeye pamoja na wazee wa Kisukuma waliona kuwa vitu vya maisha ya kale vilikuwa vinatoweka. Hata kanisa walilolijenga kilimani hapo ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma.

Usitazamie jengo moja kubwa lenye makabati ya vioo. Bujora ni mfano wa mji wa Kisukuma, wenye nyumba mbalimbali zilizotawanyika katika uwanja wenye miti na mawe. Mtatembea kutoka nyumba hadi nyumba, na watoto watapata nafasi ya kukimbia.

Anzeni na msonge. Ni nyumba ya duara, paa lake la nyasi limeshuka karibu na ardhi, na mtu mzima hana budi kuinama ili aingie. Ndani mna giza la ubaridi. Humo mna jiwe la kusagia, kinu na mchi, vibuyu, na vilindo vya magome ya miti vya kuhifadhia nafaka. Siku niliyofika mimi, familia moja ya mjini ilikuwa imekuja pamoja na bibi yao. Mjukuu, mtoto wa shule ya msingi, aliuliza, "Bibi, hii ndiyo nyumba ya watu wa zamani?"

Bibi akacheka. "Watu wa zamani gani, mjukuu wangu? Mimi nilizaliwa humu. Ndama walilala pale, sisi tulilala hapa." Kisha akapiga magoti mbele ya lile jiwe, akaonyesha jinsi mtama ulivyosagwa alfajiri, kabla ya kwenda kisimani. Mtoto alinyamaza kimya. Nadhani siku hiyo alimwona bibi yake kwa mara ya kwanza.

Endeleeni hadi kwa mhunzi. Mtakuta habari za Warongo, mafundi wa chuma wa upande wa magharibi wa nchi hii, waliofua majembe ambayo zamani yalitumika hata kutolea mahari. Mfanyakazi wa kiwandani atatambua hapo kwamba ufundi haukuletwa kwetu na meli.

Lakini nyumba itakayowafikirisha zaidi ni ile ya watemi, iliyojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ndani yake zimewekwa ngoma za utawala na viti. Ngoma ilikuwa alama ya mamlaka, na wazee wa baraza waliomchagua mtemi waliitwa banang'oma. Mtemi hakutawala peke yake. Wazee hao waliweza kumshauri, na aliyeshindwa kazi waliweza kumwondoa.

Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika huru ilifuta utawala wa machifu, ili wananchi wote wawe sawa mbele ya sheria. Huenda utauliza, ndugu msomaji: kama utemi ulifutwa, ya nini kuzitunza ngoma zake? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba sheria ilifuta cheo, haikufuta historia. Mtoto asiyejua kuwa babu zake walikuwa na mabaraza na taratibu za kumdhibiti mtawala, ataamini kwa wepesi kwamba serikali ni kitu kilicholetwa na wageni. Na tamaduni hizi bado zinaheshimiwa: Septemba 2021, hapo hapo Kisesa, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa kwa jina la Chifu Hangaya.

Mkiweza, nendeni mwezi wa Juni, wakati wa sikukuu ya Bulabo, neno lenye maana ya maua. Hapo vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na kila kundi hufanya kila hila kuwavuta watazamaji upande wake, hata kwa kucheza na nyoka.

Mkienda, chukueni maji ya kunywa na viatu vya kutembelea juu ya mawe. Mtumieni mwongoza wageni, msione haya kumwuliza. Zaidi ya yote, mchukueni mzee wa familia. Jiwe la kusagia likiwa peke yake ni jiwe tu. Linahitaji mtu aliyelisagia atuambie uzito wake, na watu hao wanapungua kila mwaka. Makumbusho yatatusubiri, ndugu msomaji. Bibi huenda asitusubiri.