Nafasi kati ya mimea ndiyo dawa ya kwanza ya bustani yako

Mtaa wa Umoja ulipoanza kujengwa na Baraza la Jiji la Nairobi katika miaka ya 1970, kwa msaada wa fedha kutoka Marekani, nyumba nyingi zilikuwa za chini na kila moja ilikuwa na kiwanja chake kidogo. Leo ghorofa zimesimama mahali pa viwanja vile. Hata hivyo, ukitembea Umoja 1, Umoja 2 au Innercore, bado utaona kipande cha ardhi kando ya lango, paa tambarare, au pembe ya ua inayoweza kubeba magunia mawili ya mboga.

Wakazi wengi wamejaribu kupanda mboga mahali kama hapo, na wengi wamekata tamaa baada ya msimu mmoja. Mara nyingi lawama hutupiwa mbegu au udongo. Ukweli ni kwamba kinachoharibu bustani nyingi za mjini ni msongamano. Mtu hununua miche 60 ya sukumawiki kwa kuwa bei yake ni nafuu, kisha anaisukuma yote katika kitalu ambacho kingetosha miche 20. Mtaka yote hukosa yote.

Hatari ya msongamano

Mimea iliyosongamana hung'ang'ania maji, chakula na mwanga. Majani huwa membamba na ya manjano, na shina hurefuka bila nguvu. Hewa nayo haipiti vizuri, kwa hivyo majani hukaa na umande hadi saa nne au saa tano asubuhi. Unyevu huo ndio unaopendwa na ukungu, hasa kwenye nyanya, wakati wa mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba. Vidukari pia hujificha kwa urahisi chini ya majani yaliyobanana.

Hapo ndipo jambo hili linapogeuka kuwa la afya. Mwenye bustani akiona majani yanaharibika, hukimbilia dukani kununua dawa ya kunyunyiza. Dawa hizo huwa na idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, nayo huandikwa kwenye kibandiko. Lakini sukumawiki huchumwa kila baada ya siku chache. Dawa ikinyunyizwa Jumatatu na mboga ikaliwa Jumatano, familia inakula sumu kutoka bustani iliyopandwa ili kuwaletea afya.

Chunguza jua kwanza

Kabla ya kununua mbegu, angalia kipande chako saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni. Penye ghorofa pande zote mbili, huenda jua likafika kwa saa chache tu. Mboga za majani zinaweza kuvumilia jua la saa nne au tano kwa siku. Nyanya na pilipili hoho huhitaji saa sita au zaidi. Ikiwa ua wako hauna jua hilo, usipoteze pesa kwa nyanya. Panda spinachi, dania na nanaa.

Chagua kwa kufikiria sahani

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Bustani ndogo haiwezi kutoa zote, lakini inaweza kutoa zile zinazokosekana. Viazi, kabeji na mahindi vinachukua nafasi kubwa na huvunwa mara moja tu. Waachie wakulima wa mashambani. Wewe chagua mboga za kuchumwa mara kwa mara.

Usipande sukumawiki peke yake. Terere, managu (mnavu), kunde na saga zina madini ya chuma pamoja na viini ambavyo mwili hugeuza kuwa vitamini A. Chuma husaidia kuzuia upungufu wa damu, tatizo linalowasumbua zaidi waja wazito na watoto wadogo. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amefanya utafiti wa miaka mingi kuhusu mboga hizi za kienyeji, ambazo zamani zilidharauliwa na watu wa mjini kuwa chakula cha maskini. Tena terere haina subira ndefu: huwa tayari kuchumwa wiki tatu au nne baada ya kupandwa.

Pima kwa rula ya mtoto

Huhitaji vifaa vya kitaalamu. Chukua rula ya shule ya sentimita 30 na ufuate vipimo hivi:

Sukumawiki: rula moja na nusu hadi mbili kati ya mche na mche. Mita moja ya mraba hutosha miche minne.

Spinachi na managu: rula moja kila upande. Mita moja ya mraba hutosha takriban miche tisa.

Terere: mistari iachane kwa rula moja. Miche ikifika kimo cha kidole, ng'oa mingine hadi ile inayobaki iachane kwa nusu rula. Usitupe uliyong'oa, ni mboga laini.

Kunde za majani: rula moja na nusu kati ya mistari, na nusu rula kati ya mimea.

Dania: nusu rula kati ya mistari, na upana wa vidole vitatu kati ya mimea.

Nyanya: rula mbili kati ya mistari na moja na nusu kati ya miche. Kila mche uwe na mti wa kuuegemea, na majani ya chini yanayogusa udongo yaondolewe.

Nanaa: ipe mkebe wake peke yake. Mizizi yake hutambaa na kumeza kitalu kizima.

Siku ya kupanda, kitalu kitaonekana kitupu na utashawishika kuongeza. Jizuie. Mche wa sukumawiki uliopewa nafasi hutoa majani makubwa mawili au matatu kwa wiki, kwa miezi mingi. Ukiona mapengo yanakuudhi, panda dania katikati. Itakuwa imevunwa kabla sukumawiki haijatanda.

Magunia na paa

Asiye na ardhi anaweza kutumia gunia. Njia hii ilisaidia familia nyingi za Kibera baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, kwa msaada wa shirika la Solidarités la Ufaransa. Katikati ya gunia hupangwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke hadi chini, na pembeni hutobolewa matundu. Hata hapa nafasi ni muhimu: matundu yaachane kwa sentimita 20 au 25 na yapishane, lisiwe moja juu ya jingine. Juu ya gunia weka miche mitatu au minne tu.

Tahadhari moja: gunia kubwa lililojaa udongo uliolowa linaweza kupita kilo 100. Usiliweke katikati ya paa au kwenye ukingo wa baraza. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015, lakini sheria hiyo haikuondolei wajibu wa kuomba ruhusa ya mwenye nyumba.

Udongo na maji

Udongo mweusi wa Eastlands hushika maji mvua inaponyesha na hupasuka jua linapowaka. Uchanganye na samadi iliyooza vizuri, na uinue kitalu kiwe tuta ili mizizi isizame majini. Samadi mbichi ina viini vya magonjwa, kwa hivyo usiitumie.

Usichote udongo karibu na jaa la taka au gereji. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2007 kwa ajili ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira karibu na jaa la Dandora ulipata madini ya risasi kwa kiwango cha juu katika udongo na katika damu ya watoto wengi waliopimwa. Risasi haiozi, na hudhuru ubongo wa mtoto.

Maji taka ya mtaro yasiguse mboga kamwe, hata mgao wa maji ukiwa mkali. Yanaweza kuleta kipindupindu, homa ya matumbo na minyoo. Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa. Mwagilia asubuhi, na umwage kwenye shina, si juu ya majani.

Ukiona vidukari, vioshe kwa maji au uchume jani lililoathirika ulitupe. Penye nafasi, utawaona mapema.

Jikoni

Osha majani kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kukata. Yapike kwa muda mfupi na mafuta kidogo ili mwili upate vitamini A, na uongeze nyanya au ndimu, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza chuma. Chai ngojea saa moja baada ya chakula, maana huzuia chuma hicho. Matunda mabichi ya managu yasiliwe. Ikiwa una ugonjwa wa figo au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, muulize daktari wako kabla ya kuongeza mboga za majani kwa wingi.

Wikendi hii, basi, chukua rula na upime kipande chako. Hesabu miche inayotosha, ununue hiyo tu, na iliyosalia umwachie muuzaji.