Upana wa Tairi Hupimwa kwa Rimu

Chini ya milima ya Matogoro, Songea, huko ambako mto Ruvuma huanza safari yake ya kwenda baharini, motokaa si pambo. Ndiyo impelekayo mama mjamzito hospitali, ndiyo ichukuayo mahindi toka shambani hata penye mzani, na kwa vijana wengi ndiyo kazi yenyewe. Mara nyingi mwenyewe ameinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, nayo imekwisha tumika miaka mingi katika nchi za watu. Kwa hiyo lolote alifanyalo juu ya magurudumu yake lawahusu watu wengi kuliko yeye, na ndiyo sababu tumeona vema leo kusema habari ya matairi.

Mvua zinyeshapo, toka Desemba hata Aprili, udongo mwekundu wa njia za vijijini huteleza kama sabuni. Wakati huo ndipo shauri moja husikika kila penye fundi: tia matairi mapana zaidi, uache rimu zilezile za kiwandani, maana rimu mpya ni ghali. Shauri hilo si la kipumbavu. Lina kweli ndani yake. Lakini lina mpaka, na mpaka huo haumo katika maneno ya muuzaji. Umepigwa chapa katika chuma.

Tutazame maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Tuseme yasomeka 195/65 R15 91. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili yasema kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ya mwisho ni uzito: 91 maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 615. Rimu nayo ina maandishi yake, mara nyingi kwa upande wa ndani ambako matope huyaficha, kama 6J x 15, yaani upana wa inchi 6 na kipenyo cha inchi 15.

Watengenezaji wamekubaliana kila tairi likae juu ya rimu ya upana gani. Tairi la 195/65 R15 lataka rimu ya inchi 5½ hata 7. La 205/65 R15 lataka inchi 5½ hata 7½. La 215/65 R15 halikubali rimu iliyo chini ya inchi 6. Basi mwenye rimu ya inchi 6 aweza kupanda toka 195 hata 205 pasipo wasiwasi. Akienda 215 amesimama ukingoni kabisa. Na mwenye rimu ya inchi 5½ hana ruhusa ya 215 hata kidogo, ingawa fundi mwenye nguvu za mikono aweza kulisukuma likaingia. Neno hilo, "litaingia", ndilo liwapotezalo watu wetu. Kuingia ni jambo moja, na kufaa ni jambo jingine.

Tairi pana likibanwa na rimu nyembamba, kingo zake huvutwa ndani na uso wake huvimba katikati. Sasa lakanyaga barabara kwa kitovu tu, nalo huliwa hapo kwanza, hata mwenyewe akatupa tairi ambalo mabavu yake yangali mapya. Mbavu nazo hulegea, motokaa ikayumba katika kona kama mtu aliyebeba ndoo kichwani bila kata. Kisha hufuata kosa kubwa zaidi: dereva apunguza upepo ili tairi likae vema. Upepo ukipungua, ukingo wa tairi waweza kuchomoka katika rimu, na kwa kawaida huchomoka katika kona kali, motokaa ikiwa imejaa abiria.

Kuna na habari ya nafasi. Tairi lililoongezwa milimita 10 juu ya rimu ileile huongezeka 5 kwa nje na 5 kwa ndani. Kwa ndani liko shokapu, kwa nje liko madigadi. Motokaa tupu iliyosimama gereji haitasema lolote; ipakieni, mkate usukani hata mwisho, mpite penye shimo, ndipo mtakaposikia mpira ukisagwa.

Kimo nacho hubadilika. Tairi la 195/65 R15 lina kimo cha milimita 634 hivi, na la 215/65 R15 lina 660, tofauti ya asilimia 4. Mshale ukionyesha 80, mwendo wa kweli ni 83. Tena gurudumu kubwa huilemea injini ndogo, na mtu aliyepanda mlima wa Lukumburu katika barabara ya Njombe akiwa na mzigo hahitaji kuelezwa maana yake. Kwa 205/65 tofauti ni asilimia 2 tu, nayo motokaa huinuka milimita sita na ushee toka ardhini, jambo ambalo katika njia zetu si haba.

Lakini je, upana wenyewe wasaidia? Kwenye mchanga, ndiyo: tairi pana hugawanya uzito lisizame. Kwenye tope la utelezi lenye ardhi ngumu chini yake, mambo ni kinyume. Land Rover za zamani zilivaa tairi la 7.50-16, jembamba na refu, nalo lilikata tope likashika ardhi ile ngumu, wakati tairi pana huelea juu likazunguka bure. Na kwenye lami iliyotuama maji, tairi pana huelea upesi zaidi. Limwokoalo dereva wa Matogoro ni meno ya tairi, si upana. Ndani ya mifereji ya kila tairi kuna vijiinuko vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, uso wa tairi ukishalingana navyo, tairi limekwisha. Kwa maoni yetu, mwenye fedha za matairi manne mapana angefanya vizuri zaidi kununua manne ya kipimo chake cha asili yenye meno marefu.

Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanza kazi mwaka 1971, kisimame mwaka 2009, matairi yetu karibu yote hutoka ng'ambo, na mwenye duka huuza alichonacho, si unachokihitaji. Mnunuzi basi na aende na karatasi. Aandike namba zilizo katika kibandiko cha mlango wa dereva, aandike upana wa rimu, na aikatae namba ya uzito iliyo chini ya ile ya kiwandani hata akipunguziwa bei. Atazame pia tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019.

Ashikiliaye nia yake na apandishe hatua moja tu, tena matairi yote manne. Katika motokaa ivutayo kwa magurudumu yote, vimo vikitofautiana, meno ya gia hupigana yenyewe kwa yenyewe mpaka yavunjike. Tairi la akiba nalo, ambalo wengi huliacha katika kipimo cha zamani, lina taratibu yake: kwa motokaa ivutayo kwa mbele, lifungwe nyuma, tairi zima la nyuma lihamie mbele, na dereva aende pole hata kwa fundi wa kwanza ambaye taa yake ingali yawaka.