Petunia Bustanini: Dhibiti Wadudu Bila Kudhuru Visima na Bahari

Petunia hupendwa kwa wingi wa maua yake na rangi zake nyingi. Hata hivyo, wakazi wa Watamu wanakumbushwa kuwa ua hili ni la jamii moja na nyanya, pilipili na biringanya. Wadudu na magonjwa yake huweza kuhamia kwenye mboga zako au za jirani. Isitoshe, ardhi yetu ni ya mchanga na mawe ya matumbawe. Dawa ikimwagwa hupenya upesi hadi kwenye maji ya visima, na mvua huweza kuisomba hadi hori ya Mida na hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka wa 1968.

Upanzi

Joto la kaskazi huidhoofisha petunia. Sia mbegu mwezi wa Mei, mahali palipokingwa na mvua. Usizifukie, kwani huhitaji mwanga ili ziote. Hamisha miche baada ya wiki 6 hadi 8, mvua kubwa ikishapungua, na uiachanishe kwa sentimita 30. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Chagua mahali penye jua la kutosha, pasipopigwa na upepo wa bahari, na mbali na mboga za jamii yake. Mwagilia shinani asubuhi. Ikiwa maji ya kisima chako yana chumvi, tumia ya mvua.

Kagua mimea mara mbili kwa wiki

• Vidukari: hujikusanya kwenye machipukizi na kuacha utomvu unaonata. Waoshe kwa maji ya sabuni.
• Inzi weupe: huruka ukitikisa mmea, na hueneza virusi. Ng'oa majani yaliyoshambuliwa sana.
• Utitiri: huacha utando mwembamba wakati wa ukavu. Nyunyizia maji chini ya majani.
• Viwavi: hutoboa vitumba. Wasake jioni na uwaokote.
• Konokono: waokote usiku ukiwa umevaa glovu. Usiwamwagie chumvi, kwani huharibu udongo.

Mmea wenye majani yaliyojikunja na kuwa na mabakamabaka ung'olewe na kuchomwa. Anayevuta tumbaku anawe mikono kabla ya kuigusa mimea, kwa sababu virusi vya tumbaku hushambulia petunia pia.

Dawa ya mwarobaini

Wadudu wakizidi, twanga kilo 1 ya majani mabichi ya mwarobaini, uyaloweke katika lita 5 za maji usiku kucha, uchuje na kuongeza sabuni kidogo. Nyunyiza jioni, nyuki wakisharudi mzingani, na urudie baada ya siku 7. Usimwage mabaki karibu na kisima wala ufuoni, kwani mwarobaini pia huweza kudhuru samaki.

Kabla ya kununua dawa ya dukani, muone afisa wa kilimo wa wadi yako. Nenda na jani lililoathirika ili akutambulishie mdudu husika.