Bibi Aliyekataa Kukatwa Mguu

Wanangu, sogeeni karibu. Hadithi ya leo ni ya miguu, na inaanzia kwa farasi.

Mwaka 1831, mjini Paris, daktari wa mifugo aliyeitwa Bouley aliletewa farasi wa kuvuta gari la abiria. Farasi huyo alikuwa na jambo la ajabu. Akiwa amesimama, mzima wa afya. Akikimbia kwa muda mfupi, miguu ya nyuma inaanza kuchechemea, inakaza, mwisho hawezi tena kupiga hatua. Akipumzishwa kidogo anarudi vilevile, mzima. Akikimbizwa, anachechemea tena. Ni rahisi kumwita mnyama kama huyo mvivu. Lakini alipokufa, Bouley alimpasua, akakuta mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye miguu ya nyuma imeziba.

Mwaka 1858, mjini Paris vilevile, daktari Jean-Martin Charcot alikutana na ugonjwa huohuo kwa binadamu. Mgonjwa wake alikuwa askari wa zamani aliyewahi kupigwa risasi. Akitembea kidogo, mguu unamuuma mpaka asimame. Akipumzika, maumivu yanaondoka. Charcot alikuwa amesoma habari za farasi wa Bouley, akaona ni kitu kimoja.

Sasa mniulize: kwa nini mguu uume wakati wa kutembea tu, usiume mtu akiwa amekaa? Misuli ikitulia inatosheka na damu kidogo. Ikianza kazi, inataka damu nyingi zaidi, kwa sababu damu ndiyo inayobeba oksijeni. Mshipa uliopungua upana unaweza kumtosha mtu aliyeketi barazani, lakini usimtoshe anayepanda kilima. Misuli inakosa oksijeni, nayo inalalamika kwa njia pekee inayoijua: inauma. Mara nyingi huuma shavu la mguu, kule nyuma chini ya goti. Pengine paja au tako.

Mishipa inayotoa damu moyoni na kuipeleka mwilini huitwa ateri. Watu wengi hufikiri kwamba mafuta hunata ndani ya ateri juu juu. Sivyo. Lehemu, yaani kolesteroli, hupenya na kujikusanya ndani ya ukuta wenyewe wa mshipa. Mwili hujaribu kupambana nayo, pakavimba, pakafanya kovu, baadaye pakaingia chokaa. Ukuta unanenepa, njia inakuwa nyembamba. Kazi hiyo huchukua miaka mingi, na mwenye mguu hajui lolote. Vinavyoichochea zaidi ni sigara na kisukari, kisha shinikizo la damu, kolesteroli nyingi na umri mkubwa. Wataalamu wamekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 200 duniani wana ugonjwa huu wa ateri za miguu, na wengi wao hawana maumivu yoyote.

Ugonjwa ukizidi, mguu huuma hata usiku kitandani, na mgonjwa huuning'iniza nje ya kitanda ili damu ishuke. Kidole kikipata jeraha, hakiponi. Nyama huwa nyeusi, na hilo ndilo donda ndugu. Zamani, mtu akifika hapo, daktari alikuwa akishika msumeno.

Hapo ndipo anapoingia bibi wa hadithi yetu. Jina lake tulistiri. Alikuwa na umri wa miaka 82, naye alilazwa katika hospitali ya chuo kikuu mjini Portland, jimbo la Oregon, Marekani. Ilikuwa Januari 1964. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepoa, una kidonda, na vidole vimeanza kufa. Madaktari walimwambia mguu ukatwe. Bibi akakataa. Wakamweleza tena. Akakataa tena. Mimi nampenda bibi huyu kwa ubishi wake, ingawa ni lazima niwaambie kwamba wapo wagonjwa ambao kukatwa mguu ndiko kulikookoa maisha yao.

Katika hospitali hiyo alikuwepo daktari wa eksirei, Charles Dotter, mwenye umri wa miaka 43. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za mishipa. Anaingiza mrija mwembamba ndani ya ateri, anapitisha dawa inayoonekana kwenye eksirei, picha inatoka, kisha wapasuaji wanaamua la kufanya. Mwaka uliotangulia, akipiga picha kama hizo, mrija wake ulipenya kwa bahati kwenye ateri iliyoziba, na njia ikafunguka. Dotter hakulichukulia jambo hilo kuwa ajali ya kusahauliwa. Alijiuliza: ikiwa imetokea bila kukusudia, itakuwaje tukikusudia? Alikuwa akisema kwamba fundi bomba huzibua bomba bila kubomoa nyumba, basi daktari naye ajifunze. Hata alijichorea nembo ya bomba na spana.

Tarehe 16 Januari 1964 alipewa bibi yule. Picha ilionyesha kwamba ateri ya paja imebanwa sehemu fupi tu. Dotter alipitisha waya laini mpaka ukavuka pale palipobana. Juu ya waya akateremsha mrija mwembamba, na juu ya mrija ule mwingine mnene zaidi, akatanua njia hatua kwa hatua. Hakukata nyama. Bibi hakulazwa usingizi wa nusukaputi.

Dakika chache baadaye, mguu ukapata joto, rangi ikarudi. Wiki haikuisha kabla maumivu hayajakoma, na kidonda kikapona. Aliishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake yote miwili, na alipofariki ilikuwa kwa homa ya mapafu. Mshipa ule ulikuwa bado wazi.

Mngedhani dunia ilishangilia. Kumbe wapasuaji wengi wa Marekani walimwona Dotter kichaa, na walikuwapo waliomletea wagonjwa wapigwe picha tu, wakimwonya asithubutu kutibu. Ulaya ndiko walikomsikiliza. Huko Zurich, Uswisi, daktari kijana Andreas Grüntzig alifikiria njia iliyo bora zaidi: puto dogo kwenye ncha ya mrija, linaloingia likiwa limenywea na kujazwa likishafika pembamba. Maputo ya kwanza aliyatengeneza kwa mkono jikoni kwake, jioni baada ya kazi, akisaidiwa na mkewe na rafiki zao. Mwaka 1974 alilitumia puto hilo kufungua ateri ya mguu wa mgonjwa. Mwaka 1977 alilifikisha kwenye ateri za moyo wenyewe. Mjue basi kwamba tiba ya moyo inayosifiwa leo kila mahali ilijifunza kutembea kwenye miguu. Dotter na Grüntzig walifariki mwaka mmoja, 1985.

Siku hizi, puto likishatanua mshipa, daktari anaweza kuacha humo kijineli cha wavu wa chuma kinachouzuia usibane tena. Panapoziba sehemu ndefu, mpasuaji huchukua vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ya mgonjwa mwenyewe, akaishona iwe njia ya mchepuko. Hiyo ilifanywa kwa mara ya kwanza na Jean Kunlin, mjini Paris, mwaka 1948.

Lakini wagonjwa wengi hawaanzii huko, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko popote. Tiba ya kwanza ni kuacha tumbaku kabisa. Pamoja nayo huja dawa za kushusha kolesteroli, za shinikizo, na za kuzuia damu isigande, ambazo daktari ndiye anayeziandika. Kisha kutembea. Ndiyo, kutembea kulekule kunakouma! Mgonjwa hutembea mpaka maumivu yawe ya wastani, anasimama hadi yaishe, anaanza tena, kwa nusu saa au zaidi, angalau mara tatu kwa wiki. Baada ya miezi mitatu wengi hufika mbali kuliko mwanzo, kwa kuwa misuli hujifunza kutumia vizuri damu kidogo iliyopo, na vimishipa vya pembeni husaidia kupitisha nyingine. Mwenye kidonda au donda ndugu asianze hayo kabla ya kuonana na daktari.

Kuutambua ugonjwa wala si kazi ngumu. Muuguzi hupima shinikizo la damu kwenye mkono, kisha kwenye kifundo cha mguu, akagawanya la mguu kwa la mkono. Tuseme mkono una 140 na kifundo kina 84. Gawanyeni: 0.6. Mguu wenye afya hupata 1 au zaidi kidogo. Chini ya 0.9 kuna njia iliyobana. Kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, hesabu hii huweza kudanganya, maana mishipa iliyojaa chokaa haibinyiki, na kipimo kinapanda kuliko ukweli. Huyo hupimwa kwenye kidole gumba cha mguu.

Mwenye kisukari ana shida nyingine pia: neva za miguu hufa ganzi, akakanyaga msumari asisikie. Kwa hiyo, kama babu au bibi yenu ana kisukari, mwombeni awaruhusu kumtazama nyayo na katikati ya vidole kila jioni, kwa adabu na kwa mwanga wa kutosha. Akisema mguu unamuuma kila anapokwenda sokoni na kutulia akikaa, msimjibu kwamba ni uzee. Mpelekeni akapimwe.

Na ikiwa mguu wa mtu umepauka ghafla, ukawa baridi, unauma sana, kisha unakufa ganzi au haunyanyuki, damu imekatika. Msiupashe moto, msiukande, msingoje kesho. Misuli huanza kufa ndani ya saa chache, mara nyingi sita hivi. Tafuteni gari saa ileile, mumfikishe hospitali yenye wapasuaji.