MBWA WAKO AKICHECHEMEA: NI WAKATI GANI WA KUMWITA DAKTARI?

Mkulima, umetumia fedha nyingi kwa ng'ombe wako wa maziwa, kuku wako na kahawa yako. Lakini usiku, wewe ukiwa umelala, ni nani anayelinda mali hiyo? Ni mbwa, naye hulinda kwa miguu yake. Akiwa kilema, mwizi hana la kuogopa.

Mashamba mengi ya Thika na Ruiru yalikuwa ya kahawa na mkonge kabla ya kugawanywa. Seng'enge za zamani hufichika majanini, na ncha ya mkonge huingia wayoni ikakatikia ndani. Kandokando ya barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012, kuna vipande vya chupa na magari yaendayo kasi. Tena katika vumbi mna funza.

Tazama kwanza

Kabla ya kushika mguu, mfunge mbwa mdomo kwa kitambaa, kwa maana hata mbwa mpole huuma akiumia. Lakini usimfunge ikiwa anatapika au anahema kwa shida. Kisha tazama wayo, katikati ya vidole, na kila ukucha.

Ukiona mkwaruzo mdogo, au mwiba ambao ncha yake iko nje, unaweza kumtibu mwenyewe. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja kidogo cha chumvi, ungoje yapoe, kisha osha jeraha. Likaushe na ulifunge kwa kitambaa safi. Badilisha kitambaa kila siku. Vidole vikivimba au vikiwa baridi, umekaza mno, fungua upesi.

Damu ikitoka, bana jeraha kwa kitambaa safi dakika tano, wala usifunue kuchungulia.

Usingoje: mpeleke siku hiyo hiyo

Mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo ukiona mojawapo ya mambo haya:

1. Damu haikomi ingawa umebana dakika kumi na tano.
2. Jeraha limefunuka, au unaona mfupa au mshipa. Jeraha la namna hii hushonwa vizuri likiwa bado jipya.
3. Msumari au kijiti kimezama ndani sana. Usikichomoe mwenyewe, maana kinaweza kuzidisha damu au kukatika.
4. Mguu umepinda, au mbwa amegongwa na gari.
5. Ukucha umeng'oka mpaka kwenye shina.
6. Kuna usaha, harufu mbaya, au uvimbe unaopanda mguuni.
7. Ameumwa na mbwa mwingine au mnyama wa porini, hata ikiwa tundu ni dogo.

Na ikiwa huoni jeraha lolote, lakini siku moja imepita naye bado hakanyagi chini, mpeleke pia. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Jihadhari na kichaa

Si kila mbwa anayeyumba ana mwiba. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ulithibitishwa karibu na Nairobi mwaka 1912, na mpaka leo haujakwisha nchini. Mbwa mwenye kichaa huweza kulegea miguu, kutokwa na mate mengi, na kubadilika tabia. Ukiona dalili hizo usimshike, wala usitie mkono kinywani mwake. Mfungie mahali ambapo watoto hawafiki, upeleke habari ofisi ya mifugo.

Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishamtokea mtu, ni vigumu sana kumwokoa. Kinga ni kumchanja mbwa kila mwaka.

Dawa zisizofaa

Usimpe mbwa dawa zako za maumivu. Parasetamoli na ibuprofeni zinaweza kumwua. Usipake mafuta ya taa, asidi ya betri wala oili chafu, kwa sababu mbwa hulamba jeraha na sumu huingia tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo, ukimaliza kunyunyizia kahawa dawa ya kopa, mzuie asipite humo mpaka majani yakauke.

Ukimwona na funza, usimchokoe yeye na watoto kwa sindano moja. Uliza daktari dawa ya kumpaka, usafishe mahali anapolala, na umwagie vumbi maji. Ukimtibu mbwa ukaiacha nyumba, funza watarudi.

Utampata wapi daktari

Tangu mwaka 2013 kazi ya mifugo iko chini ya serikali za kaunti. Wewe wa Thika au Ruiru uliza ofisi ya mifugo ya Kaunti ya Kiambu iliyo karibu nawe. Kwa mguu uliovunjika vibaya, kuna pia hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete. Ukimwita mtu binafsi, mwombe kwanza akuonyeshe leseni yake. Sheria ya mwaka 2011 inamtaka awe ameandikishwa na bodi ya madaktari wa mifugo.

Labda utasema gharama ni kubwa kwa mbwa tu. Basi piga hesabu: ni ng'ombe wangapi wanaweza kuibwa katika usiku mmoja usio na mlinzi? Leo jioni, kabla ya kumfungulia, inua miguu yake minne uitazame.