SALA YA MTU ASIYEJIFICHA

Dominika ya 30 ya Mwaka C
Masomo: YbS 35:12-14, 16-18, 2 Tim 4:6-8, 16-18, Lk 18:9-14



Dominika hii Mama Kanisa anatuweka mlangoni pa Hekalu la Yerusalemu, atuoneshe watu wawili waliopanda kwenda kusali. Wanaingia mahali pamoja na kumwelekea Mungu yule yule. Lakini mmoja anarudi nyumbani amepatanishwa na Mungu, na mwingine anarudi kama alivyokuja. Tujiulize: tofauti yao ilikuwa nini?

Tusifanye haraka kumcheka Farisayo. Torati iliamuru mfungo wa siku moja kwa mwaka, yaani Siku ya Upatanisho. Yeye alifunga mara mbili kwa juma. Zaka alitoa katika mapato yake yote. Mtu wa namna hiyo, katika parokia zetu, angechaguliwa upesi kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya walei. Kosa lake halimo katika matendo hayo mema. Kosa ni kwamba katika sala yake yote hakuomba kitu. Alimtaja Mungu mwanzoni, kisha akajisimulia mwenyewe, tena kwa kujipima na jirani aliyesimama nyuma yake. Alimletea Mungu hesabu ya mema yake. Moyo wake hakuuleta.

Mtoza ushuru yeye alihesabiwa na watu kuwa kibaraka wa wageni na mnyang'anyi wa wanyonge. Sala yake, kama Mwinjili Luka alivyoiandika kwa Kigiriki, ina maneno sita tu. Lakini ndani ya maneno hayo mna mambo mawili yanayotosha: Mungu mwenye rehema, na mimi mkosefu.

Basi, kusali kwa unyofu ni nini? Si lazima kuwe na machozi, wala sauti kubwa, wala maneno ya kupendeza. Ni kusimama mbele ya Mungu jinsi tulivyo, bila kuficha. Wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inapoanza kufundisha juu ya sala, katika namba 2559, inamkumbuka mtoza ushuru huyu na kutufundisha kwamba msingi wa sala ni unyenyekevu.

Tumfikirie baba mmoja wa familia. Jumuiya ndogo ndogo imekusanyika nyumbani kwake, naye anaongoza rozari kwa ufasaha. Ng'ambo ya ua anaishi mdogo wake. Waligombana juu ya mpaka wa shamba waliloachiwa na marehemu baba yao, na huu ni mwaka wa tatu hawasalimiani. Kila anapofika ombi la tano la Baba Yetu, lile la kusamehewa na kusamehe, midomo yake hutamka, lakini moyo wake huruka.

Tumwambie nini baba huyu? Aache kusali mpaka atakapokuwa mwema? Hasha! Tumwambie asimame pale pale anaporuka, aseme: "Bwana, sijamsamehe mdogo wangu. Hata nia ya kumsamehe bado sina. Nipe nia hiyo." Sala hii haipendezi masikioni, lakini ni ya kweli, na kwayo Mungu amefunguliwa mlango uliokuwa umefungwa miaka mitatu. Na siku atakapovuka ua na kupiga hodi kwa mdogo wake, atakuwa anaendelea na sala ile ile. Kwa maana Bwana mwenyewe, katika Mathayo 5:23-24, anatuagiza tuiache sadaka mbele ya altare, tukapatane kwanza na ndugu.

Wako pia wenye jeraha la namna nyingine. Mama amemzika mtoto wake. Anakuja kanisani akitamka shukrani, huku moyoni ana uchungu na hata manung'uniko. Anaogopa kumwambia Mungu. Mama huyu amkumbuke Hana, katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, aliyeimimina huzuni yake mbele za Bwana, midomo ikicheza bila sauti, hata kuhani Eli akamdhani amelewa. Mungu alimsikiliza. Aifungue pia Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kwisha gizani. Kanisa limeiweka katika Sala ya Usiku ya kila Ijumaa. Kama Kanisa zima husali hivyo, naye ana ruhusa ya kulia mbele ya Baba yake.

Labda mtu atauliza: je, sala za kitabuni si za moyoni? Ni za moyoni, tukiziingia. Bwana wetu mwenyewe pale msalabani alisali kwa maneno ya Zaburi ya 22. Wala uchovu si unafiki. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu (1873-1897), aliyetangazwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997, alikiri kwamba mara nyingi alisinzia katika sala. Hakukata tamaa, kwani alijua watoto wanapendwa na wazazi wao hata wakiwa usingizini.

Kwa hiyo, ninyi makatekista mnaowafundisha wengine, na sisi sote, tushike mambo matatu. Kwanza, kabla ya kufungua kinywa tunyamaze kidogo, tujiulize: leo naja mbele ya Mungu nikiwa na nini moyoni? Pili, tulitaje jambo lile tunalotaka kulificha, kwa maneno machache ya kawaida. Tatu, tusitoke katika sala bila kumfikiria mtu mmoja tunayepaswa kumwendea, kwa msamaha, kwa deni au kwa msaada.

Jioni ya leo, tutakapopiga magoti nyumbani, tusali Baba Yetu mara moja tu, polepole. Mahali moyo utakapokwama, tusipaharakie. Hapo ndipo Bwana anatungoja, naye ametuona tangu tulipokuwa tumesimama mbali.

Amina.