Siri ya noti mbovu kuuzwa ghali kuliko noti nzima

NOTI moja ya dola 20 za Marekani, toleo la 1996, iliuzwa mnadani kwa dola 25,300 mwaka 2006. Ilipopigwa mnada tena Januari 2021, ilinunuliwa kwa dola 396,000. Ajabu yake ni moja tu: kando ya picha ya Rais Andrew Jackson pana kibandiko cha ndizi cha kampuni ya Del Monte.

Je, mtu akibandika kibandiko kama hicho kwenye noti yake atatajirika? La hasha. Noti za Marekani hupita mitamboni kwa awamu. Kwanza huchapishwa upande wa nyuma, kisha wa mbele, na mwishowe hutiwa nambari na muhuri wa Hazina. Katika noti hiyo, sehemu ya nambari na muhuri imechapwa juu ya kibandiko. Kingebandikwa mitaani, wino ungekuwa chini yake. Huo ndio ushahidi kwamba kasoro ilitokea kiwandani.

Hilo ndilo sharti la kwanza la wakusanyaji wa noti. Karatasi iliyojikunja mtamboni ikaacha pengo jeupe, au noti yenye nambari mbili zisizolingana, huwavutia. Noti iliyochanika au kufifia kwa jua ni noti iliyoharibika tu.

Sharti la pili ni uhaba. Mnamo Mei 2019 ilibainika kuwa noti mpya ya dola 50 za Australia, iliyotolewa Oktoba 2018, ilikuwa na kosa la tahajia. Katika maandishi yake madogo mno, neno la Kiingereza lenye maana ya wajibu lilikosa herufi ‘i’. Kosa lilikuwa la kiwandani, lakini noti zipatazo milioni 46 zilikuwa zimeshasambazwa. Kilicho mfukoni mwa kila mtu hakiwezi kuwa cha tunu.

La tatu ni hali ya noti. Isiyo na mikunjo wala madoa hupata bei bora. Anayeiosha, kuipiga pasi au kuiunga kwa gundi huipunguzia thamani kwa mkono wake mwenyewe.

Umri peke yake, basi, si mali. Noti za zamani za Sh1,000 zilikoma kuwa fedha halali nchini Kenya baada ya Septemba 30, 2019. Aliyesalia na moja ya kawaida asidhani ameketi juu ya hazina kwa kuwa tu imezeeka.

Zaidi ya yote, ajihadhari na laghai anayemwahidi mnunuzi wa ng’ambo ilmradi atume ‘ada’ kwanza. Mnunuzi wa kweli huja kutoa pesa, haji kuziomba.